Mtungi Uliomwagwa

Epiphanie hakutaka Estella afe. Hilo liwekwe wazi mapema, maana wapo watu ambao wakisikia kisasi wanawaza damu tu. Alichotaka ni kimoja: Estella asimame mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi, aseme kwa mdomo wake uleule kwamba Epiphanie si mchawi na kwamba yeye alisema uongo. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la dakika. Kwa Estella, prezidente wa akina mama, mwanamke aliyezoea kuombwa radhi kuliko kuomba, afadhali kung'olewa jino bila ganzi.

Chanzo cha yote kilikuwa mtungi.

Epiphanie ni Mrundi wa Rumonge. Alipofika Durban alifagia saluni za watu katikati ya mji mpaka akachoka kuvuta nywele za bandia puani, ndipo akapata kazi ya jikoni Westville, kwa mjane wa Kivietinamu aliyeitwa Mama Lua. Mkahawa wenyewe ulikuwa sebule ya nyumba tu, na wateja walikuwa wanafunzi na walimu wa chuo. Mama Lua alizaliwa kwenye milima ya Hoa Binh, na kwa maelezo yake, watu wa huko hawampimi mpishi kwa nyama wala kwa wali. Wanampima kwa machipukizi ya mwanzi. Nyuma ya nyumba yake, chini kwenye kijito, palikuwa na kichaka cha mianzi minene ambacho majirani walimsihi akikate kila mwaka, naye kila mwaka alijifanya hajui Kiingereza.

Huko ndiko Epiphanie alikojifunza. Chipukizi huchimbwa asubuhi mapema, ncha yake ikiwa bado imejificha udongoni, kwa sababu likishapigwa na jua linakuwa chungu. Linamenywa maganda yake magumu mpaka ubaki moyo mweupe. Likiwa bichi lina sumu, kama muhogo mchungu, kwa hiyo huchemshwa sufuria ikiwa wazi ili mvuke uende zake, kisha yale maji humwagwa na kutiwa mengine. Mama Lua alikuwa na namna nyingi za kuyapika. Yale machungu aliyachemsha tu na kuyala kwa kuchovya kwenye chumvi iliyotwangwa na pilipili. Mengine aliyajaza nyama ya nguruwe iliyosagwa, akayafunga kwa majani na kuyapika kwa mvuke. Mengine aliyakausha juu ya moshi na kuyatunza hadi mwaka mpya wa kwao, ndipo yachemke na miguu ya nguruwe mpaka yalainike.

Lakini sifa ya kwao hasa ilikuwa kuku wa machipukizi machachu. Machipukizi hukatwa membamba, hutiwa mtungini pamoja na maji na chumvi, hukandamizwa kwa jiwe na kuachwa wiki kadhaa yachachuke. Yakitolewa huchemshwa na kumwagwa maji kama yale mengine. Kisha kuku, si huyu wa dukani anayeyeyuka bali yule mgumu anayeuzwa akiwa hai, hupikwa nayo taratibu, na mwishoni kabisa hunyunyiziwa mbegu za doi. Hizo ni mbegu nyeusi za mti wa milima ile, zinachomwa juu ya makaa mpaka zinukie, halafu zinatwangwa. Mama Lua alikuwa akiletewa na dada yake. Dada alipofariki, zilibaki zile zilizokuwa ndani ya kopo la chai kabatini, na alizitumia kwa uchoyo.

Sasa tuje kwenye harufu, na tusidanganyane. Mtungi ule ukifunguliwa, mtu asiyejua hukimbilia kuangalia choo. Siku Mama Lua alipomfunulia mara ya kwanza, alitangulia kumwomba radhi. Epiphanie akainamisha pua, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa harufu ya muhogo uliolowekwa ukavunda, harufu ya jikoni kwa mama yake Rumonge. Mama Lua alifurahi kiasi cha kumpa mtungi wa udongo awe na wake. Epiphanie akaupakata ndani ya taxi hadi Cato Manor, akauweka nyuma ya mlango wa chumba chake.

Kanisani kwao, kanisa la Wakongo na Warundi lililokodi ukumbi juu ya duka la simu mjini, heshima ya mwanamke haiko kwenye kwaya. Iko kwenye mwiko. Anayeshika mwiko mkubwa siku ya harusi ndiye anayeonja vyungu vyote mbele ya watu, ndiye anayesema sasa tule, na hakuna mchungaji wala bwana harusi anayegusa sahani kabla yake. Estella, Mkongo wa Uvira, alikuwa ameushika mwiko huo miaka nenda miaka rudi, na sombe yake, mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilisifiwa hata na wasioipenda. Kisha ikaja harusi moja ambapo Epiphanie alileta sufuria ya kuku wake, akaiweka pembeni bila makuu. Watu wakala, wakarudi, wakakomba, wakaanza kuulizana nani kapika hii. Sombe ya Estella ikarudi nyumbani na mwenyewe.

Siku chache baadaye Estella akaja Cato Manor kumtembelea, mnyenyekevu ajabu, eti anataka kujifunza. Epiphanie siku hizo alikuwa bado mjinga wa watu. Akamfunulia mtungi, akamweleza kila kitu. Wakanusa pamoja, Estella akasema kumbe harufu ni ya shikwanga tu, ule mkate wa muhogo wa kwao, wakacheka wakashikana mabega. Estella akaondoka na kopo limejaa machipukizi. Msilisahau hilo kopo.

Haukupita muda, Estella akasimama kwenye mkutano wa akina mama na sura ya msiba. Akasema amebeba mzigo moyoni. Kuna kitu kinaoza nyuma ya mlango wa dada yetu, alisema, kitu cheupe kinaelea majini, na mtu mwenye akili anajua watu huweka nini kwenye mitungi ya namna hiyo. Jumapili ileile wakafika Cato Manor kundi zima, na mafuta ya maombi na nyimbo. Epiphanie akawaambia ni mianzi. Akamwambia Estella, si nilikuonyesha? Estella akafumba macho, akazidisha kuimba. Mtungi ukatolewa nje, ukamwagwa barabarani, watu wakarekodi kwa simu. Jirani aliyekuwa akimwazima pasi akaacha kumwazima.

Lililomuuma zaidi lilikuja baadaye. Watu wa upande wa Ziwa Tanganyika wana jambo lao ambalo hata Durban hawajaliacha: waliogombana, mmoja hali cha mwenzake. Siku mmoja akila kutoka mkononi mwa adui yake mbele ya mashahidi, na yule mwingine naye akala cha huyu, ugomvi umezikwa, na atakayeufukua ndiye mkosaji. Kwa hiyo chakula chao ni zaidi ya chakula. Na baada ya siku ile ya mtungi, hakuna aliyekula tena cha Epiphanie. Alipeleka maandazi kwa mgonjwa, akayakuta yamewekwa kwenye pipa la taka hata mfuko haujafunguliwa. Kanisani akikaa benchi hili, benchi linapungua watu. Hawakumfukuza. Wangemfukuza angepumua.

Alibaki anakwenda kanisani kwa sababu moja, na Mungu amsamehe, haikuwa sala. Alikwenda kumtazama Estella shingoni kutoka nyuma.

Basi mvua za mwisho wa mwaka zikaanza, machipukizi yakaanza kuinua udongo kule kwenye kijito, na msichana mmoja wa Kirundi anayesoma chuo, jina lake Inès, akaja mkahawani kuweka oda ya harusi yake. Inès alikuwa mteja wa siku nyingi, hakuwahi kujua nani yuko jikoni. Alitaka sufuria kubwa ya kuku wa machipukizi machachu, iletwe ukumbini mjini, ukumbi ulio juu ya duka la simu. Mama Lua aliporudi jikoni kumweleza, Epiphanie aliweka kisu chini. Mwiko siku hiyo utashikwa na nani, alijua bila kuuliza. Moyo wake ulifurahi furaha mbaya, ile inayompata mtu akimwona adui yake anateremka ngazi huku anatazama simu.

Akauchukua mtungi wake, uleule uliomwagwa, akausugua na kuurudisha Westville. Alichimba machipukizi umande ukiwa bado majanini. Kila alipokata kipande alimkata Estella ulimi, na alipoweka jiwe juu yake alilikandamiza kwa mikono yote miwili, akalisemesha Kirundi. Mama Lua alimwona. Akamuuliza huyo uliyemweka humo ndani ni nani. Epiphanie akamsimulia yote, na mpango pia: Estella ataonja, atasifu, atakomba sahani mbele ya watu, kisha yeye atatokea na mtungi mkononi, na huyo mwanamke atalazimika kueleza ni uchawi gani huo aliojilamba nao vidole.

Mama Lua hakumkanya. Alisema tu kwamba yeye naye alikuwa na wifi. Akafungua kabati, akatoa kopo la chai, akamwagia mbegu zote za doi kiganjani mwa Epiphanie. Zilikuwa za mwisho. Epiphanie akasita, akataka kuzirudisha. Mama Lua akamkunja vidole, akasema chakula cha namna hiyo kikipungua ladha, kisasi nacho kinapungua.

Siku ya harusi gari la mkahawa lilishusha sufuria kwa mlango wa nyuma. Epiphanie akajibanza kwenye stoo ya viti, mtungi umefungwa kitenge mapajani, mlango ameuacha wazi upana wa jicho. Ukumbi ulijaa. Inès alikuwa mweupe pee katika gauni lake, bwana harusi anatokwa jasho, na bibi yake Inès, Bibi Médiatrice, ameketi mbele kabisa kwenye kiti chenye mto. Bibi huyu alikuja kutoka Burundi kwa ajili ya harusi hii, na tangu asubuhi alikuwa akiulizia chakula.

Estella akasimama na kipaza sauti mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, kilemba kimekaa juu. Akaonja wali, akasifu. Akaonja maharage. Akaonja sombe yake mwenyewe, akaisifu kwa kirefu. Kisha akafunua sufuria ya Westville.

Akaonja. Akaonja tena. Epiphanie kule stoo aliacha kupumua.

"Hii kuku," Estella akasema kwenye kipaza sauti, "mwenye alipika hii, Mungu abariki mikono yake."

Watu wakapiga makofi. Lakini hakuishia kuonja. Aliomba sahani, akajipakulia, akakaa meza ya wazee akala, mfupa kwa mfupa, huku watu wamemkodolea macho na njaa zao. Alipomaliza kulamba kidole gumba, Epiphanie akatoka stooni. Alipita katikati ya meza kwa mwendo wa bibi harusi, akauweka mtungi mbele ya Estella, akafungua kitenge na kuuinua mfuniko. Ndani alikuwa amebakiza machipukizi kidogo kwa kazi hiyo. Harufu ikatembea ukumbini, na waliokuwepo siku ile Cato Manor wakaijua.

"Mama prezidente," Epiphanie akasema, "ile ulimwaga barabarani ndiyo umekula saa hii."

Alikuwa ameingoja sura ya Estella kwa muda mrefu. Alitaka kuiona ikibomoka. Estella akachukua kitambaa, akajipangusa midomo polepole, akatabasamu.

"Najua, dada yangu," akasema. "Nilijua tangu kijiko ya kwanza. Ile harufu mutu anaweza kuisahau? Nimekula exprès, kwa kusudi. Umenipikia, nimekula, watu wote wameona. Ile maneno yetu imekwisha."

Akainua mikono juu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mtu akaanzisha wimbo. Wengine walikuwa wanafuta machozi, walewale waliorekodi kwa simu, wamefurahi kuona Bwana amepatanisha. Na Epiphanie akabaki amesimama na mfuniko mkononi, akaelewa alichofanya. Alikuwa na akili zote za kupanga, akasahau jambo ambalo kila mtoto wa kwao analijua. Amempikia adui yake kwa mikono yake miwili na kumlisha mbele ya mashahidi. Kwa macho ya watu, aliyeomba suluhu ni yeye. Estella ametoka msafi, tumbo limejaa, na hakusema neno hata moja la kukiri uongo wake. Mbegu za mwisho za Mama Lua zilikuwa ndani ya tumbo lile. Epiphanie alitamani kumpiga na mtungi.

Ndipo Bibi Médiatrice akagonga meza kwa kijiko. Sijui kama alifanya hivyo kwa haki au kwa njaa, lakini alifanya.

"Haijaisha," akasema. "Iko nusu moja tu. Huyu amekula ya yule. Sasa yule akule ya huyu, ndiyo na sisi tukule."

Wimbo ukafa. Estella akacheka, akasema bibi ana haki kabisa, hata hilo ni dogo. Akapakua bugali na sombe yake, akaweka na kipande cha samaki juu, akaileta sahani kwa mikono miwili na goti limekunjwa kidogo, vizuri mno, kama watu wa picha. Epiphanie akavuta kiti akakaa. Akaipokea sahani, akaiweka mapajani. Akaitazama. Na hapo, polepole, hasira iliyokuwa inamchoma ikatulia, ikawa nzito na tamu. Aliona kilicho mikononi mwake: asipokula yeye, ugomvi hauishi, na hakuna mgeni atakayekula.

"Sina njaa," akasema.

Estella akamwambia aonje tu. Epiphanie akasema ataonja, hana neno, lakini kwanza lisemwe lile jambo, na lisemwe kwa kipaza sauti, kwa sababu lilisemwa mbele ya watu. Estella akauliza jambo gani tena, si tumeshapatana. Epiphanie akakunja mikono juu ya sahani. Mvuke wa sombe ukapanda, ukapungua, ukaisha. Mchungaji akakohoa. Watoto wakaanza kulia njaa, na macho ya watu, yaliyokuwa yamemganda Epiphanie, yakaanza moja moja kuhamia kwa Estella, maana mwenye mwiko ni yeye na aliyekwisha kula ni yeye peke yake.

Inès akaja, gauni amelikusanya mkononi, akachuchumaa mbele ya Epiphanie.

"Eish, tantine, tafadhali," akanong'ona. "Ni harusi yangu. Wageni wako na njaa."

Hapo Epiphanie aliyumba. Mtoto wa watu hakuwa na kosa lolote, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mkono wa Epiphanie ulifika kwenye bugali. Kisha akayakumbuka maandazi ndani ya pipa la taka, mfuko wake haujafunguliwa, akaurudisha.

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Hawa wamekaa na njaa tangu asubuhi. Mimi nimekaa nayo tangu ile siku."

Inès akamtazama. Kisha akainuka, na badala ya kurudi kwa mumewe akaenda kwa Estella, akamwekea kipaza sauti mkononi, akakaa naye palepale akingoja.

Estella akageuka kulia, akageuka kushoto. Akina mama wake wa maombi walikuwa wanatazama sakafu. Akaleta kipaza sauti mdomoni.

"Ile siku," akasema, "tulikosea kidogo."

"Nani?" Epiphanie akauliza.

"Mimi."

"Ulikosea, ao ulisema bongo, ulidanganya?"

Chini barabarani taxi zilikuwa zinapiga honi, konda anaita abiria wa Pinetown.

"Nilisema bongo," Estella akasema. "Epiphanie si mlozi."

Hilo ndilo alilolitaka. Angeweza kuishia hapo, na mtu mwema angeishia hapo. Epiphanie alikuwa bado ana neno moja.

"Na ile kopo nilikupa?"

Estella akafumba macho, kama alivyoyafumba siku ile ya nyimbo, lakini safari hii hakuwa na wimbo. Kilemba kilikuwa kimeanza kuteleza. Alipojibu, kipaza sauti kilichukua hata mate aliyomeza.

"Niliipika," akasema. "Nilikula na watoto. Ilikuwa tamu. Ilipoisha, ndiyo nikaenda kusema."

Kicheko kimoja kilitoka nyuma kabisa, kikakatika. Mama mmoja aliyebeba mafuta ya maombi siku ile akajifunika uso kwa leso. Bibi Médiatrice akatikisa kichwa, akamwambia Epiphanie, mwanangu, kula sasa.

Epiphanie akamega bugali iliyokwisha kupoa, akaifinyanga taratibu, akaichovya kwenye sombe. Akaitia mdomoni. Akatafuna mpaka watu wakachoka kumtazama, akameza. Nusu ya pili ikawa imetimia, ugomvi umezikwa, na kuanzia saa hiyo hakuna mwenye ruhusa ya kuutaja, hata yeye. Estella akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuipokea sahani.

Epiphanie hakumpa. Akageuka kwa watu wote, na kwa sauti iliyofika hadi meza ya mwisho, akaomba chumvi ya kuongeza kwenye sombe.